Jina la Mwita Katika Wimbo wa Profesa

Jumamosi, 6 Juni. Tarime

Mazoezi saa tatu asubuhi. Profesa katokea saa sita. Kapaka nywele rangi ya viatu kuficha mvi, jasho likamchuruzika jeusi mpaka kwenye kola. Hakuna aliyemwambia. Nimefurahi kimya kimya.

Ukutani kwa nje wameandika upya: PROFESA NA JAZZ BENDI YAKE. Yake! Sisi saba ni mbuzi wake.

Redioni wanamwita mtunzi mkubwa. Ametunga nyimbo tano za kumsifu mke mwema. Mke mwenyewe, Mama Rhobi, huja ukumbini kuulizia unga, na mtunzi mkubwa hujificha nyuma ya spika. Na gitaa lake wanalolisifu? Kalichota kwa baba mkwe wake kule Kenyamonta. Mzee anapiga iritungu, nyuzi nane, jamaa anasikiliza, anarudi mjini anasema kaota. Kaota wapi, na analala mpaka saa tano?

Lakini akipiga, nanyamaza. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatatu, 8 Juni

Mwita amekufa. Mdogo wangu.

Duara, lile shimo la dhahabu, limemfukia jana machimboni, yeye na wenzake. Halikuwa na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta. Ryoba, mwenye duara, alisema kupanga magogo ni kupoteza siku, dhahabu haisubiri. Wamemtoa Mwita leo asubuhi. Ryoba hakuwepo. Alikuwa anatafuta watu wengine wa kuchimba.

Siandiki zaidi.

Ijumaa, 12 Juni. Nyarero

Tulimzika jana, karibu na zizi. Mama hakulia. Alikuwa anakung'uta udongo kwenye viatu vya Mwita, basi.

Profesa alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, gitaa mgongoni. Nikajua kaja kufuata nyama. Hakula. Alikaa chini pembeni ya kaburi, akaanza kupiga pole pole. Kisha akauliza kwa kuimba: nani kaingia ardhini? Akanitazama. Mimi ni mwitikiaji wake miaka sita, najua akinitazama anataka nini. Nikajibu: Mwita. Akauliza tena. Safari hii alijibu mama. Mara ya tatu walijibu watu wote, hadi watoto.

Profesa alilia kweli. Makamasi na yote. Mama akamshika mkono, akamwambia, "Baba, wimbo huu upeleke redioni. Jina la mwanangu lisiishie hapa."

Akasema, "Sawa mama. Nimekuahidi."

Jana nzima sikumdharau. Naandika ili nikumbuke kwamba iliwezekana.

Jumapili, 21 Juni. Tarime

Dansi la mchana. Ukumbi umejaa wachimbaji, vumbi bado masikioni. Tulipofika kwenye wimbo wa Mwita waliacha kucheza. Wakasimama. Wengine walivua kofia.

Ryoba alikuwa kiti cha mbele. Hakuvua yake. Wimbo ulipoisha akamwita Profesa kwenye gari lake. Wakakaa humo mpaka soda zetu zikapata moto. Profesa alitoka anacheka cheka kama bwana harusi. Mbwa.

Jumamosi, 27 Juni

Vyombo vipya vimeshushwa. Spika mbili ndefu kunizidi, gitaa jekundu, ngoma seti nzima. Mwenye vyombo sasa ni Ryoba. Na bendi yoyote inajua: mwenye vyombo lazima aimbwe. Sikujua tu ataimbwa wapi.

Profesa kabadilisha mstari mmoja tu wa wimbo wa Mwita. Sasa anauliza: nani kaifungua ardhi? Nasi tujibu: Ryoba.

Jina limekaa palepale alipokuwa Mwita. Limeenea kabisa, hata sauti haihitaji kusogezwa. Kasema, "Mura, usininunie. Yule tulitahiriwa naye msimu mmoja. Nitamkatalia kwa mdomo upi?" Kwa huo huo uliomwahidi mama yangu! Nilimjibu hivyo. Moyoni. Kwa mdomo nilisema sawa Profesa.

Wenzangu walikuwa wanapapasa spika. Mpiga ngoma alikuwa anazinusa. Watu wazima.

Alhamisi, 9 Julai

Mama Rhobi kaja ukumbini tena. Profesa kajificha nyuma ya spika mpya. Hizi angalau ni ndefu, zinamtosha.

Huyu mama kanikuta nje, akaniambia mumewe halali siku hizi. Anakaa kitandani anapiga wimbo ule kwa maneno ya kwanza, polepole, bila kuunganisha gitaa na umeme. Nikamwambia asinihurumishe. Mumewe anajua kilicho sawa na bado anafanya kilicho kibaya. Mjinga ningemsamehe.

Watu wa redio wanarekodi keshokutwa Mugumu. Nimeamua. Akiuliza, nitaitikia Mwita. Waitikiaji tuko watatu, lakini mikrofoni iko kwangu. Wanifukuze. Nitarudi kulima ulezi.

Jumamosi, 11 Julai. Mugumu

Ukumbi ulikuwa na joto. Walifunga madirisha ili ng'ombe wasisikike. Ryoba alikaa mbele na suti.

Profesa aliuliza: nani kaifungua ardhi? Akanitazama.

Nikasema Ryoba.

Sikukosea. Sikulazimishwa. Nilikuwa na Mwita mdomoni kabisa, nikamuona Profesa ananiangalia, nikamuona yule mwenye suti, nikaliona lile gitaa jekundu. Nikasema Ryoba mara tatu, na mara ya tatu nililipamba. Fundi wa redio akasema huyu wa nyuma ana sauti tamu, asogee karibu. Nikasogea.

Profesa hakuniangalia tena. Nadhani alikuwa anatumaini nitamwokoa. Alichagua mtu wa hovyo.

Mwezi mzima nimejaza daftari hili matusi ya kumtukana mtu mwingine.

Jumapili, 19 Julai. Nyarero

Nimefika asubuhi. Sikutaka kuja. Mama alishasikia kwamba wimbo utapigwa leo mchana, aliwaambia majirani. Betri za redio alizianika juani tangu juzi ili zishike nguvu.

Walikaa uani, watu kama kumi. Nilikaa nyuma, karibu na zizi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia njiani kutoka kisimani. Nilibeba ndoo tu.

Gitaa likaanza. Mama akalijua mara moja, akainua kidole tunyamaze. Profesa akauliza. Sauti yangu ikajibu Ryoba.

Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Akasema, "Mwita."

Majirani wakatazama chini. Profesa akauliza tena. Mimi redioni nikasema lile langu, mama akasema lake. Mara ya tatu, pale nilipopamba, alisema kwa nguvu kidogo ili lisimezwe.

Wimbo ukaisha. Akazima redio, akatoa betri, akazipanga tena juani moja moja. Hakunigombeza. Alisema wimbo ni mzuri, watakuwa wanaupiga mara kwa mara, kwa hiyo betri zisiishe.

Kisha akaniuliza kama nimekula.