Moshi Ambao Sikuusikia

Mzee Masanja,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa mazoea tu, marahaba yako siitegemei tena.

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike kwenu Magu. Sijalia. Wenzangu hapa hotelini wananiangalia usoni, wanasubiri, nami naendelea kufuta glasi. Nakula, nalala, naamka. Ila pua imekufa. Chai, samaki, sabuni, vyote kwangu ni maji.

Wewe ungeielewa hasara yake. Msabato usiyeonja hata tone, na bado uliijua wiski kuliko wanywaji wote wa Mwanza. Ulikuwa unadondosha tone kiganjani, unasugua mikono, unaipeleka puani. "Usionje, Leokadia. Sikia." Hoteli ilipokuwa ya serikali tulikuwa na konyagi, na chupa moja ya Skochi iliyofungiwa kabatini. Biashara huria iliporuhusiwa zikaja chupa za kila nchi, wenzetu wakawa wanazitofautisha kwa rangi ya lebo. Mimi ulinifundisha kwa mikono. Ya Ayalandi hupitishwa motoni mara tatu, ni laini, anayeanza mpe hiyo. Ya Marekani ni mahindi, hulazwa kwenye mapipa mapya yaliyounguzwa ndani, ndiyo maana ina utamu. Ya Kanada nyepesi. Ile ya Japani, aliyotuachia mnunuzi wa minofu ya sangara, ulisema ni mwanafunzi wa Mskoti aliyemsikiliza mwalimu wake vizuri. Halafu ile ya visiwa vya Uskoti, shayiri iliyokaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Ukisugua hiyo ulikuwa unafumba macho. "Jikoni kwa mama, sato wako juu ya moto." Nilikucheka, mzee mzima unalilia jiko.

Jumamosi bosi mpya aliwaita wageni alasiri, niwatambulishie wiski za dunia. Nikiweza, kaunta yako inakuwa yangu. Nikishindwa, analeta mtu kutoka Dar. Jumamosi hukuwahi kuwepo kazini, kwa hiyo nilijiambia uko kanisani. Ilisaidia.

Nilisema kila neno lako. Nilipofika kwenye moshi nikawamiminia, nikawaonyesha namna ya kusugua mikono. Wakafumba macho. Mama mmoja wa benki akasema, "Kweli kabisa, kama jikoni kwa bibi." Wote wakakubali, wakapiga makofi.

Nilipokuwa narudisha chupa kabatini ndipo niliposoma lebo. Nilikuwa nimewapa ya Marekani. Ya visiwani ilikuwa bado haijafunguliwa. Mahindi, Mzee! Moshi wote ule waliusikia kwenye maneno yangu tu.

Jana bosi kanipa kaunta, pamoja na koti lako jeusi, limefuliwa na kupigwa pasi. Nilishukuru. Nikaisubiri aibu ije, haikuja. Wewe, hata ukimkosea mgeni aliyelewa, ulikuwa unarudi mezani kwake: "Samahani, glasi ile nilikosea." Nikaenda kumwambia bosi ukweli. Kacheka. "Si walifurahi? Basi." Hata hilo halikuniuma, na ndilo linalonitisha.

Leo asubuhi nimeifungua ile ya visiwani. Nikadondosha, nikasugua. Kimya. Nikasugua tena mpaka viganja vikakauka. Kimya.

Koti nimelitundika kwenye msumari wako. Nakuahidi sitalivaa mpaka niusikie moshi wenyewe. Nitakuwa nasugua kila asubuhi kabla ya kufungua. Na wale wageni nitawaita tena, nitawaambia nilikosea, niwamiminie upya.

Pumzika, Mzee wangu. Siku nitakapolisikia jiko la mama yako, nadhani ndiyo siku nitakayolia.

Leokadia, wa kaunta