Kiti Kimoja cha Kamati ya Takataka

Jumatatu, 6 Mei 1996
Leo mkokoteni wa taka, mara tatu. Mkono chuma. Hapa Mogogosiek hakuna anayejua taka kama mimi, hata hao wa Form Four. Mimi shule iliniacha Form Two na bado nawashinda.
Ubaya ni huu: shimo limejaa. Tunalitumia pamoja na senta jirani, kwa hivyo kamati ni moja, watu watano. Wawili wanataka shimo jipya lichimbwe juu ya chemchemi tunayoteka maji. Wawili wanakataa. Wa tano amehamia Kedowa. Bwana Koech wa bucha anataka hicho kiti, na anataka shimo liwe hapo juu, karibu na bucha yake. Sisi tunywe nini? Nimekasirika.

Jumatano, 8 Mei
Nimetangaza. Nasimama mimi.
Koech alinicheka mbele ya watu. "Wewe kijana wa mkokoteni, utaketi na wazee ukinuka hivyo?"
Nikamjibu, "Mzee, mimi nikinuka naoga. Nyama yako je?"
Mama Akinyi anayeuza dagaa wa omena alicheka mpaka akashikilia meza. Mama yangu hakucheka. "Utaniaibisha, wewe."

Ijumaa, 10 Mei
Koech anagawa supu bure. Watu wanakunywa wakimwita mheshimiwa. Na mimi nilikunywa, mabakuli mawili. Tamu.
Naogopa. Nitashindwa.

Jumamosi, 11 Mei
NIMESHINDA!
Uchaguzi ni mlolongo, unapanga foleni nyuma ya mtu wako. Koech alisimama katikati ya uwanja aonekane na dunia yote. Yeye ni wa Mulot, kukavu, amehamia huku Krismasi tu. Mimi nilisimama kwenye veranda ya mashine ya kusaga unga. Huku kwa majani chai, mchana ukipinduka mvua inakuja. Hata mtoto anajua. Na Chifu, ambaye ndiye anahesabu, hajawahi kufika mapema.
Foleni yake ilifika hadi geti. Yangu: Mama, Mama Akinyi, vijana wawili na mlevi mmoja aliyelala.
Chifu akafika. Mvua nayo ikafika. Watu mbio chini ya mabati ya veranda. Mabati yangu!
"Rudini, watu wangu!" Koech analia.
Mmoja akamjibu, "Mzee, supu ilikuwa yako, lakini sweta ni yangu!"
Chifu, chini ya mwavuli: "Nahesabu mtu pale amesimama." Akahesabu. Mlevi pia, ingawa hakusimama.
Mimi ni kichwa. Kichwa kabisa.

Jumanne, 14 Mei
Kikao. Nilivaa koti la mjomba. Nikainua mkono. Watatu kwa wawili. Shimo linaenda kwa machimbo ya zamani ya murram, ule udongo wa barabara, mlimani. Chemchemi imepona.
Halafu mwenyekiti akauliza nani atasukuma taka mpaka huko. Wote wakanitazama.

Ijumaa, 17 Mei
Mlima ni mrefu. Nimeenda mara moja tu.
Nikirudi, Koech alinisimamisha buchani. "Mjumbe, sasa mifupa yangu itachukuliwa siku gani?" Hakuwa anacheka.
Nikamwambia Jumanne na Ijumaa.
Akasema sawa. Nikapakia mifupa ya leo.