Vikombe vya Maji vya Mzee Ramadhani

Mama yangu,

Ni miaka minne tangu tukuzike, na sijawahi kukuandikia wala kukuongelesha kimoyomoyo kama Dada anavyofanya kila Jumapili. Leo kuna jambo la kazi nataka ulijue. Kazi yenyewe ni ileile yako: nahudumia wazee nyumbani kwao.

Unakumbuka siku uliyoungua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja kukuletea ufunguo. Ulikuwa unamwogesha Mama Mwalimu, yule bibi aliyepooza uliyemtunza miaka saba. Sufuria ya maji ya moto ilikuponyoka, yakakumwagikia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Hukupiga kelele. Ulivuta hewa kati ya meno, kisha ukaendelea kumsugua mgongo.

"Mama, acha kwanza," nilikuambia.

"Apana. Ana sabuni mwili muzima. Nitamuacha namna gani?"

Ulimsuuza, ukamfuta, ukamvalisha, ukamlaza. Ndipo ukakaa. Binti wa nyumba ile alinipa dawa ya meno, nami nikakupaka, nene kama siagi kwenye mkate, nikajiona nimefanya jambo la maana. Ulikaa nayo siku mbili. Muuguzi alipoibandua, ngozi ilikuja nayo, na chini yake kulikuwa na usaha. Vidole viwili havikukunjuka tena. Mtu asiyeweza kumshika mgonjwa kwa mikono miwili hawezi kumwinua, kwa hiyo wakamtafuta mwingine. Hukunilaumu hata mara moja. Ningependelea ungenilaumu.

Mwaka jana nilienda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, siku tatu, katika ukumbi wa parokia. Karibu wote tulikuwa wanawake, wote wa kazi hii yetu. Mwalimu, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, aliuliza mtu akiungua tunampaka nini. Mmoja akasema mawese, mwingine yai, mwingine asali.

"Maji," akasema. "Maji baridi ya kawaida, si barafu, dakika makumi mbili. Usipake kitu." Kisha akasema neno ambalo we ungelikataa: "Mugonjwa akiisha kuwa salama, ujiangalie we mwenyewe, palepale. Usingoje kumaliza kazi. We ukianguka, nani atamuinua?"

Nilikuwaza wewe, nikaandika kwenye daftari.

Sasa nafanya kazi mtaa wa Mutakura, kwa Mzee Ramadhani. Alikuwa fundi wa magari. Kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto, lakini ulimi kilimwachia. Anaishi na binti yake Zaina, anayeuza vitenge mbele ya nyumba. Asubuhi moja mwezi uliopita nilimsimamisha bafuni, ameshika ukuta, nami nimetoa sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nichanganye maji. Mguu wake ukateleza. Nilimdaka kwa mkono wa kulia. Sufuria ilibaki kwa kushoto, ikapinduka, ikanimwagikia mkononi.

Nilimketisha kwenye kiti cha plastiki. Nikaangalia miguu yake: maji hayakumfikia. Alikuwa na sabuni kichwani na kifuani, Mama, inamtiririkia kuelekea macho. Nilimpa taulo ajifute uso. Halafu nikamwacha.

Nilivua bangili kabla mkono haujavimba, nikafungua bomba. Likakoroma, halikutoa kitu. Zaina alikuja mbio, akauona mkono wangu.

"Ee Mungu! Ngoja nilete dawa ya meno."

"Apana, Zaina."

"Inapoza! Sisi wote tunapaka hiyo."

"Usinipake kitu!" Nilipiga kelele, mimi ambaye katika nyumba ile sijawahi kupandisha sauti. "Leta maji. Maji tu."

Alileta bidoni, lile dumu la maji ya kunywa, ikiwa robo, pamoja na kikombe, akaweka karibu na kiti. Kisha akachukua ndoo, akatoka kwenda kuomba kwa majirani. Nikabaki nimepiga magoti, mkono juu ya beseni. Bidoni sikuweza kuiinua na kuimimina kwa mkono mmoja.

"Sogeza hapa," Mzee akasema.

Aliibana bidoni kwa magoti, akaiinamisha kwa mkono wake mzima, akajaza kikombe nilichomshikia, akakichukua, akanimwagia polepole. Akajaza tena. Sabuni ilimkaukia kifuani. Nilimwambia atashikwa na baridi.

"Nyamaza, mutoto. Mi nimepoza injini maisha yangu yote."

Maji yalipokaribia kwisha Zaina alirudi na ndoo, na baba yake akakataa kumwachia kikombe. Alinimwagia mpaka dakika zile makumi mbili zikatimia. Zaina alimsuuza baba yake, akanifunika mkono kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, akanipeleka kituo cha afya. Muuguzi aliuliza nani alinipoza vizuri hivyo. Nilipomjibu, alidhani natania.

Nilikaa nyumbani wiki mbili. Zaina alimwogesha baba yake mwenyewe, na aliponipigia simu hakulalamika. Aliuliza tu vitu gani vinatakiwa kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Nilimtajia, akaandika.

Nimerudi kazini jana. Mzee hakunisalimia.

"Leta mukono. Nataka nione kazi yangu."

Aliugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Ngozi mpya ni nyororo, rangi yake imepauka. Akatingisha kichwa kama mtu aliyeridhika na gari kabla ya kulirudisha kwa mwenyewe.

"Sawa. Sasa unioshe. Zaina ananisugua kama anasugua bodi ya gari."

Dada analia akikutaja. Mi silii, na zamani nilidhani ni ubaya. Siku ile nikiwa nimepiga magoti, niliona wazi kwamba nilikukasirikia kwa miaka mingi: kwa nini ulimaliza kumwogesha yule bibi? Hasira hiyo imepungua, haijaisha. We uliifanya kazi hii bila kujihesabu kama mtu aliyemo chumbani. Mi najihesabu. Jana tulikuwa wawili mle bafuni, na wote wawili tulitoka salama.

Lala vizuri, Mama. Kesho naingia saa moja.

Binti yako wa pili