Chewa Aliyepigwa Rungu

Wirrabel,
Jumatatu ya Pasaka

Mpendwa kaka Glenn,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko migodini, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Mimi sijambo, wanangu hawajambo. Baba anasema hajambo, na hapo ndipo pa kuanzia, maana tangu juzi siketi nikatulia. Chai naipika naisahau, nainuka, nachungulia dirishani upande wa nyumba yake.

Juzi ilikuwa ile siku yetu ya kuwatoa karpi. Mji mzima ulishuka mtoni, maana hawa samaki wageni wameuvuruga mto mpaka maji ni tope tupu. Baba alisimama mizanini na rungu lake kama kila mwaka, anawatania watu: "Huyo umemvua au umemnunua?" Kila karpi anapigwa kichwani na kutupwa pipani, hakuna kurudi majini. Chewa wetu wa asili, unajua mwenyewe, haumizwi. Unalowesha mikono, unamtoa ndoana, unamrudisha. Nani alitufundisha kuwatofautisha kama si yeye?

Basi Tahlia, binti wa jirani yangu Shelley, akaja amekumbatia chewa ndani ya taulo bichi. Alitaka tu Baba, babu Clarrie wake, amwone kabla hajamwachia. Baba akamsifu, akamtwaa samaki, akamlaza mezani, akamtwanga rungu. Mtoto akaangua kilio. Baba akamwambia aache kudeka, karpi ni karpi tu. Merv, rafiki yake, akamfunika yule samaki kwa gunia, akasema, "Haya, mwingine." Hapo nikajua Merv anajua siku nyingi kwamba macho ya Baba hayaoni tena vizuri.

Nilimvuta Merv kando nikamuuliza. Akaniambia nisimwaibishe mzee, eti gari analiendesha kwa mazoea, barabara anaijua. Barabara anaijua, sawa, lakini watoto wanaovuka je? Jioni Baba akarudisha gari nyuma kuchukua mapipa ya samaki, akakisaga kiti cha Merv. Merv ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kufuata chai. Baba akacheka, akauliza nani kaacha kiti njiani. Merv hakucheka.

Sasa nikuambie nililofanya, na usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Baba alipokuwa akimwaga samaki kwenye shimo la mbolea, nilichomoa ufunguo wa gari nikautupa mtoni. Alipoutafuta, nilimwambia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka afungiwe ndani kama kuku. Mimi hunibishia kila neno, lakini lako hulipokea. Kwa hiyo nilimdanganya. Nilisema ni wewe uliyeniagiza, kwamba ulinipigia simu unalia. Akaketi juu ya pipa, akasema, "Kama ni Glenn, basi."

Tulirudi kwa miguu, kashika bega langu njia nzima. Nilisikia uchungu, na bado nausikia.

Ufunguo wa akiba uko ndani ya bahasha hii, usiurudishe. Wanangu wanakuamkia, na Shelley anakusalimu. Jumapili Baba atakupigia simu akuulize kama ni kweli. Nakuomba, kaka, ulie kidogo.

Ni mimi dada yako,
Rhonda