Marahaba ya Vienna

Ruhuwiko, Songea

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba, shikamoo yako imefika na barua. Sisi hatujambo, mahindi yamekomaa, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kuna faida gani kuwazungusha watoto wadogo Ulaya mwezi mzima, wakati hawatakumbuka kitu. Sisi tulizunguka na mama yako miaka ile ya ruksa, babu yako akisoma Ujerumani. Makanisa na majumba ya wafalme, yote ameyasahau.

Alikuwa na miaka mitano. Alimwamkia shikamoo kila mzee aliyepanda treni, na hakuna aliyeitikia. Tulipokaribia Vienna akaanza kulia: "Mama, kwani nimewakosea nini?" Nikawa naitikia mimi, kwa niaba ya Ulaya nzima, lakini hakutaka ya kwangu.

Mama mmoja mzee akaniuliza kwa ishara mtoto ana nini. Nikamfundisha neno. Mama yako akafuta machozi, akaamkia upya. Yule mzee akamshika kichwa, akasema, "Maharaba."

Ndiyo maana mpaka leo ukimwamkia mama yako anaitikia hivyo. Wewe ulidhani ni Kingoni.

Bibi yako