Mkono wa Haruna Unatetemeka, Nikadhani ni Mimi

Mshauri wangu, naomba msaada upesi maana posa inakuja Ijumaa nami sijui nicheke au nikimbie. Mimi mjane wa Gerezani, nauza mitumba Mchikichini, na nimependwa, ndiyo, kwa umri huu, na Haruna muuza spea, bwana mpole anayekuja kunywa kahawa barazani kwangu, na kila akikaa mkono wake wa kulia unatetemeka juu ya goti, nikajua ni penzi, nikawatambia wenzangu sokoni kwamba mwanamume mzima ananitetemekea, mpaka dada yangu Nasreen akanikata maini, eti huyo mlevi, au ana jini, na mbona hatabasamu? Kweli hatabasamu, na anatembea akiburuta mguu. Halafu udi. Kila jioni najifukiza mpaka majirani wanakohoa, naye husema, "Umenukia, Najma." Juzi udi uliniishia, nimetoka kufungua belo nanuka mitumba mitupu, akasema vilevile, "Umenukia, Najma." Nilipombana akakiri kwamba hajasikia harufu yoyote tangu mwaka juzi. Huyu ananipenda au ananidanganya?

Najma, Gerezani

Najma, una raha zako wewe, lakini keti nikugombeze kidogo. Mkono mmoja unatetemeka ukiwa umepumzika, uso umekakamaa, mguu unaburuta, pua haisikii udi, nanyi mnabishana kama ni penzi au pombe? Hospitali hamkuiwaza kabisa.

Mimi si daktari wake, ila dalili hizo zinafanana na za ugonjwa wa Parkinson. Seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya kuongoza miendo hupungua. Kwa nini, wataalamu bado hawajajua yote, ila si jini, wala hauambukizi. Hauponi, lakini zipo dawa za kufidia kemikali hiyo, na mazoezi husaidia sana, hata kucheza muziki. Uso mkavu nao si kununa. Misuli imekuwa mizito, moyoni huenda anacheka kukushinda.

Anzieni hospitali ya karibu, mwombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akipewa dawa, ameze kwa saa zake, asiziache kwa maneno ya shemeji. Nasreen aende nanyi, aombe radhi njiani.

Kuhusu kutetemekewa, hukukosea sana, maana mtetemo huo huzidi mtu akisisimka. Na swali lako umelijibu mwenyewe. Mwanamume asiyesikia harufu amekuambia umenukia kila jioni, hata siku ya belo. Unataka ushahidi gani tena? Ijumaa choma udi, ukubali.