Kimya Kilichopigiwa Makofi

Apo shoga yangu, uko hewani? Ndiyo kwanza natoka misa, hapa nimejaa hasira. Na usicheke.

Si unajua nilivyowasumbua viongozi wa parokia watupe dakika chache tu za kimya baada ya komunyo? Mwaka mzima naomba! Leo wamekubali.

Nimerudi kwenye benchi, nikapiga magoti, nikafumba macho. Kinanda kimezimwa. Apo, nikasikia njiwa wanavyotembea juu ya bati! Nikaanza, "Bwana, mama yangu kesho anafanyiwa upasuaji..."

Mara spika ikakoroma. Bartolomeo, yule mwenyekiti wa kwaya, kashika maiki. "Wapendwa, sasa hivi tuko kwenye kimya kitakatifu. Wazo hili ni la mama yetu Devota. Mama Devota, simama tukuone!"

Simama tukuone!! Nimetoka kumpokea Yesu sasa hivi, naambiwa simama tukuone.

Nikasimama, ningefanyaje? Makofi, vigelegele, kinanda nacho kikadakia. Na padre anapiga makofi!

Sisi tuliolelewa misheni ya Tosamaganga, baada ya komunyo hata kukohoa tuliogopa.

Nikamfuata Bartolomeo nje. Eti, "Mama, kimya kimependeza sana! Jumapili ijayo tutakisindikiza kwa kinanda, watu wasiboreke."

WASIBOREKE.

Sala ya mama nimeenda kuimalizia nyuma ya vyoo vya parokia. Ni huko tu ambako bado hawajafunga spika.